Nani Ashike Fedha za Kodi ya Nyumba?

Katika nyumba nyingi kuna mahali panapojulikana na mama peke yake. Pengine ni kopo la zamani la maziwa juu ya kabati, pengine ni fundo la khanga, pengine ni bahasha chini ya godoro. Hapo ndipo zinapolala fedha za kodi mpaka mwenye nyumba aje. Mama anajua kwamba fedha hizo, ingawa zimo nyumbani, si za nyumbani. Mtoto akiugua katikati ya mwezi, huguswa. Na zikishaguswa, mama hana usingizi mpaka zirudi zote.

Huko Uingereza jambo hili la jikoni limegeuka kuwa jambo la Bunge na mahakama. Kuanzia mwaka 2013 nchi hiyo ilibadilisha namna inavyowasaidia watu wenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Mabadiliko yalikuwa mengi, lakini mawili ndiyo yaliyoingia hadi ndani ya nyumba za watu. La kwanza lilihesabu vyumba vya kulala. La pili liliziondoa fedha za kodi mkononi mwa mwenye nyumba na kuzitia mkononi mwa mpangaji. Baadhi yetu tuna dada au binti anayeishi huko, na tunapomsikia kwenye simu akisema ana deni la nyumba wakati tunajua kwamba serikali inamsaidia, tunashindwa kuelewa. Labda makala haya yatasaidia.

NYUMBA ZA HALMASHAURI

Wasomaji wa Nairobi wanaozijua nyumba za kaunsili, kama zile za Kaloleni, hawatapata shida kufahamu ninachosema. Uingereza nayo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitunga sheria mwaka 1919 iliyozipa halmashauri za miji fedha za kujenga nyumba kwa wingi kwa ajili ya wafanyakazi. Mbali na halmashauri kuna vyama vya nyumba, ambavyo havigawi faida kwa wenye hisa. Vingi vilianzishwa na watu wa kujitolea walioguswa na hali ya watu maskini mijini. Kodi ya nyumba hizi huwa chini kuliko ya nyumba za watu binafsi.

Mwaka 1980 ilipitishwa sheria iliyowaruhusu wapangaji wa halmashauri kuzinunua nyumba walizokuwa wakikaa. Karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa hivyo Uingereza tangu hapo, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Kwa hiyo waliobaki katika nyumba za kupanga ni zaidi wale wasioweza kununua: wagonjwa, walemavu, wazee, wenye mishahara midogo na akina mama wanaolea watoto peke yao. Mwaka 2012, katika Uingereza yenyewe, bila kuhesabu Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, zaidi ya familia milioni 1.8 zilikuwa kwenye orodha zikisubiri nyumba ya aina hii.

Mwenye nyumba hapa, basi, si tajiri mwenye gari kubwa anayepita kila mwisho wa mwezi. Ni halmashauri au chama, na kodi ndiyo chakula chake. Kodi ndiyo inayoziba paa linalovuja, inayotengeneza mtambo wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali, inayolipa mafundi, na inayorudisha mikopo ya benki iliyojengea nyumba hizo. Kodi ya wiki mbili ikikosekana katika nyumba mia tano, kuna paa fulani halitazibwa mwaka huo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kazi ya kusimamia nyumba za namna hii ilianzishwa na mwanamke. Aliitwa Octavia Hill. Mwaka 1865 mwandishi John Ruskin alitoa fedha zikanunuliwa nyumba tatu chakavu mtaa wa Marylebone, London, na Octavia akakabidhiwa azisimamie. Alikwenda mwenyewe mlango kwa mlango kila wiki kukusanya kodi, na baadaye akawafundisha wanawake wengine kazi hiyo. Hakuwa mtu wa huruma bila mipaka, asiyelipa aliondoka. Lakini akiwa mlangoni aliona. Aliona ngazi iliyovunjika na mtoto anayekohoa, akajua ni nani amepoteza kazi wiki ile. Kodi ililipwa kwa wiki kwa sababu mishahara ya watu wale ililipwa kwa wiki, na desturi hiyo ya kodi ya wiki haijafa mpaka leo katika nyumba nyingi za halmashauri na vyama.

Miaka ya 1980 ikaja ruzuku ya nyumba. Serikali ilimlipia mpangaji maskini kodi yote au sehemu yake. Mpangaji wa halmashauri alipunguziwa tu kodi kwenye daftari. Kwa mpangaji wa chama, fedha kwa kawaida zilikwenda moja kwa moja kwa chama. Hazikupita mezani kwa mama, wala hazikuingia katika lile kopo la maziwa. Baba akilewa, mtoto akiugua, umeme ukikatwa, kodi ilikuwa imeshalipwa. Watu walizaa na kulea wakiwa katika utaratibu huo kwa miaka thelathini.

CHUMBA KIMOJA ZAIDI

Serikali ya David Cameron, iliyoingia madarakani mwaka 2010, ilikuta ruzuku ya nyumba inakula zaidi ya pauni bilioni 20 kwa mwaka. Tuwe wakweli: sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Ilisema kwamba wapo watu wanaokaa katika nyumba zenye vyumba vitupu kwa fedha za walipa kodi, huku familia nyingine zimebanana watu watano katika chumba kimoja. Ilisema pia kwamba maskini waliopanga kwa watu binafsi walikuwa wamekwisha kuwekewa kipimo cha vyumba tangu mwaka 2008. Kwa nini wa halmashauri wasipimwe? Mama yeyote aliyewahi kulaza wageni sebuleni wakati jirani ana chumba cha kuwekea makapi anaweza kuona mantiki yake.

Sheria ilipita mwaka 2012 na sehemu hii ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2013. Familia yenye chumba kimoja cha kulala kilichozidi ilikatwa asilimia 14 ya kodi inayolipiwa. Yenye viwili au zaidi ilikatwa asilimia 25. Kama kodi ya nyumba ni pauni 100 kwa wiki, basi pauni 14 au pauni 25 ilibidi mpangaji azitafute mwenyewe, kila wiki, kutoka katika fedha za chakula na umeme. Serikali ilikadiria kwamba kaya 660,000 zingeguswa, na kwamba kwa wastani kila moja ingepoteza pauni 14 kwa wiki.

Wapangaji waliiita kodi ya chumba cha kulala. Serikali ilikasirika ikasema hiyo si kodi, ni kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Walibishana juu ya jina hilo kwa miaka. Sisi Waswahili ugomvi huo ungetupita, maana kwetu anachodai mwenye nyumba ni kodi na anachodai serikali ni kodi, na vyote viwili hutoka katika mkoba uleule.

Ugumu ulikuwa katika kuhesabu. Mume na mke, chumba kimoja. Kila mtu mwingine aliyefikisha miaka 16, chumba kimoja. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walale pamoja. Watoto wawili walio chini ya miaka 10 walale pamoja hata kama mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume. Sasa chukua mama mwenye mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka saba, wanakaa nyumba ya vyumba vitatu. Kwa hesabu hii chumba kimoja kimezidi. Akihamia nyumba ya vyumba viwili ili asikatwe, mwakani mvulana atatimiza miaka kumi, na mama atakuwa na haki ya vyumba vitatu tena. Auze kabati, alipe gari la kuhamisha vyombo, awabadilishe watoto shule, kisha baada ya miezi michache arudi kwenye foleni? Aliyetunga kanuni hii, nadhani, hakuwahi kuhama na watoto.

Baba aliyeachana na mkewe, ambaye watoto huja kulala kwake mwishoni mwa juma, hakuhesabiwa chumba cha watoto hao. Binti akiolewa au akipata kazi mji mwingine, chumba chake kilizidi siku ileile. Na msiba? Chini ya ruzuku ya zamani, mtu wa nyumbani akifa, hesabu ilisubiri mwaka mmoja kabla ya kukata. Katika mpango mpya, nitakaoueleza hapa chini, inasubiri miezi mitatu. Wanawake wengine huwa bado hawajaweza hata kulifungua kabati la marehemu.

Wazee waliofikia umri wa pensheni hawakuguswa. Ni jambo jema kwa wazee, lakini hao ndio hasa ambao watoto wao wamekwisha kuondoka na vyumba vimebaki vitupu. Kwa hiyo sheria iliyotangazwa kuwa itafungua vyumba iliwaacha wenye vyumba vingi, ikawafuata wale wenye watoto wadogo na wenye ulemavu.

Halafu, wahamie wapi? Halmashauri zilikuwa zimejenga kwa ajili ya familia. Mitaa mizima ya kaskazini ina nyumba za vyumba viwili na vitatu, na za chumba kimoja ni za kutafuta kwa tochi. Mtu alikuwa tayari kuhama lakini nyumba ndogo haikuwapo. Taarifa iliyotolewa na serikali yenyewe mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika miezi sita ya kwanza walioweza kuhamia nyumba nyingine ya halmashauri au ya chama hawakufika watano katika kila mia. Zaidi ya nusu ya walioguswa walikuwa na deni la kodi. Waliohamia nyumba za watu binafsi mara nyingi walikuta kodi kubwa zaidi, na ruzuku ya kodi hiyo ilitoka katika hazina ileile iliyokuwa inataka kubana matumizi.

Wenye nyumba nao walihangaika. Chama kimoja cha Knowsley, karibu na Liverpool, kilipita nyumba kwa nyumba na kuandika upya mamia ya nyumba zake kuwa na vyumba vichache zaidi, na kodi ikashuka. Chama kilijitia hasara kwa mkono wake, kwa kuwa kilipima kikaona afadhali kodi ndogo inayolipwa kuliko kubwa inayobaki kwenye daftari. Halmashauri ya Brighton ilitangaza mwaka 2013 kwamba haitamtoa mtu nyumbani kwa sababu ya deni la chumba hicho pekee. Nyingine zilipeleka barua za mahakama, kisha zikakaa na kujiuliza: tukimtoa mama huyu na watoto watatu, sheria inatutaka tumtafutie pa kulala, na hoteli ni ghali kuliko deni lake.

Kesi zilifika mbali. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilikubaliana na mume na mke ambao hawakuweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu wa mke, na pia na babu na bibi waliokuwa wakimlea mjukuu mlemavu anayehitaji mlezi wa usiku. Kesi nyingine ilinigusa zaidi. Mwanamke aliyetishiwa na mwanamume wake wa zamani aliimarishiwa nyumba na vyombo vya dola vyenyewe. Milango ilitiwa nguvu na sehemu ya kujificha ikatengenezwa ndani. Kisha akakatwa ruzuku kwa kuwa nyumba ina chumba kilichozidi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilimpa haki mwezi Oktoba 2019, na kanuni ikarekebishwa Oktoba 2021 ili wanawake walio katika hali hiyo wasikatwe.

Uskoti ilichukua njia yake. Tangu mwaka 2014 serikali ya huko hutoa fedha za kuziba pengo lote la chumba cha ziada. Ireland ya Kaskazini nayo, kanuni ilipofika huko mwaka 2017, iliweka malipo ya kufidia. Hivyo ndugu wawili wenye nyumba sawa na watoto sawa, mmoja Glasgow na mwingine Newcastle, mmoja hulipa na mwingine halipi.

KILA MWEZI MARA MOJA

Badiliko la pili lilianza kimya kimya, mji mdogo wa Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, mwezi Aprili 2013. Linaitwa Universal Credit. Posho sita za zamani zilikunjwa zikawa moja, na ruzuku ya nyumba ikawamo ndani yake. Leo karibu kila familia inayosaidiwa na yenye umri wa kufanya kazi imo katika mpango huo. Fedha zote zinalipwa kwa pamoja, mara moja kwa mwezi, mwisho wa mwezi unaohesabiwa, katika akaunti ya mpangaji. Mpangaji mwenyewe ndiye ampelekee mwenye nyumba.

Serikali ilieleza kwamba mwenye kazi hupata mshahara wa mwezi na hupanga mwenyewe. Asiye na kazi naye ajizoeze hivyo hivyo. Ni maneno yenye heshima, na mtu mzima hapendi kufanywa mtoto. Lakini wanawake wengi wenye kazi za kufagia, kupika na kutunza wazee hawakuwa wamewahi kulipwa kwa mwezi. Waliishi kwa wiki, na kodi yao ni ya wiki. Sasa wakaambiwa wapange siku thelathini na fedha ambazo hazijafika.

Maana malipo ya kwanza huchelewa. Hapo mwanzo yalichukua wiki sita. Tangu Februari 2018 yalipunguzwa yakawa wiki tano. Anayeshindwa kungoja hupewa fedha za kuanzia, lakini hizo ni mkopo, na hukatwa kidogo kidogo katika posho za miezi inayofuata. Mama asiye na akiba huanza maisha yake mapya akiwa na madeni mawili: la mkopo na la kodi ya zile wiki tano. Zikiingia fedha, mezani kuna mkate, umeme, viatu vya shule na barua ya mwenye nyumba. Sisi tunaomjua mama tunajua barua itasomwa ya mwisho. Huo si uzembe. Tumbo la mtoto haliwezi kuandikiwa kwamba subiri wiki ijayo.

Wenye nyumba walilitabiri jambo hili. Kati ya 2012 na 2013 serikali ilijaribu malipo ya moja kwa moja kwa mpangaji katika sehemu sita, ambazo ni Edinburgh, Oxford, Shropshire, Southwark, Torfaen na Wakefield, na madeni yaliongezeka hata kwa wapangaji waliokuwa wakisaidiwa kwa karibu. Vyama vikaajiri watu wa kuwashauri wapangaji juu ya bajeti, kuwafungulia akaunti za benki, na kuwasaidia kujaza maombi kwenye kompyuta. Fedha za kuwalipa watu hao zilitoka wapi? Zilitoka katika kodi, yaani katika lile paa. Tena kati ya mwaka 2016 na 2020 serikali iliviamuru vyama na halmashauri za Uingereza kupunguza kodi kwa asilimia 1 kila mwaka. Mpangaji anayelipa mwenyewe alishukuru, ila daftari la mwenye nyumba lilibanwa pande zote.

Kuna matokeo mengine ambayo hayasemwi sana. Baadhi ya vyama vilianza kumpima mwombaji kabla ya kumpa ufunguo: ana kipato gani, anaweza kulipa kodi ya wiki ya kwanza papo hapo? Asiyeweza alirudishwa kwenye foleni. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maskini zikaanza kuwaogopa maskini.

Ipo njia ya kurudisha malipo kwa mwenye nyumba. Mpangaji akiwa na deni la miezi miwili, chama kinaweza kuomba sehemu ya nyumba ilipwe kwake moja kwa moja. Miezi miwili! Ni sawa na kusubiri homa iwe malaria ya kupanda kichwani ndipo uite daktari. Hapa naona wenye nyumba wana haki ya kulalamika.

Na upo mchezo wa kalenda. Kodi ya wiki hudaiwa kila Jumatatu. Miaka mingine huwa na Jumatatu 53, kama ilivyokuwa mwaka wa fedha wa 2019 hadi 2020, na tena wa 2024 hadi 2025. Universal Credit huhesabu wiki 52. Wiki moja haina mlipaji. Mpangaji hajakosea, mwenye nyumba hajakosea, lakini deni lipo na limeandikwa jina la mpangaji.

AKAUNTI NI YA NANI?

Hapa, mama, ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Zamani fedha zilikuja kwa mafungu. Ya nyumba kwa mwenye nyumba. Ya watoto kwa yule anayewalea, ambaye mara nyingi ni mama. Ya kazi kwa aliyetafuta kazi. Universal Credit imeyaunganisha mafungu hayo, na mume na mke wanaoishi pamoja hulipwa malipo moja katika akaunti moja. Wanaweza kuchagua iwe ya pamoja au ya mmoja wao. Posho ndogo ya kila mtoto, ile inayoitwa Child Benefit, ilibaki nje na huendelea kwenda kwa mlezi, kwa kawaida mama.

Katika ndoa yenye maelewano haina shida. Wanakaa, wanagawa, wanaendelea. Lakini sote tunazijua nyumba ambamo mshahara hushuka kwenye kituo kingine kabla haujafika nyumbani. Mume wa namna hiyo akiwa ndiye mwenye akaunti, sasa ameshika fedha za chakula, za watoto na za kodi kwa pamoja. Mkataba wa nyumba ukiwa wa majina mawili, deni pia ni la wawili, na mwenye nyumba anaweza kumdai mke deni zima hata kama hajawahi kuona senti.

Mke anaweza kuomba malipo yagawanywe, lakini hupewa kwa sababu maalumu, kama vile kunyanyaswa nyumbani. Siku malipo yanapogawanyika, mume anaona kwenye akaunti yake kwamba yamepungua, na anajua nani aliyesema. Kamati ya Bunge inayoshughulikia kazi na pensheni iliandika juu ya hatari hiyo mwaka 2018. Mwaka 2019 fomu zilibadilishwa kidogo ili kuwahimiza wenzi waandike akaunti ya yule anayelea watoto. Ni kuhimiza tu, hakuna amri. Nisingependa kuhukumu mila za watu wengine, ila nashangaa kwamba nchi yenye wasomi wengi ilihitaji miaka sita kugundua jambo ambalo bibi zetu walilijua walipofunga fedha kwenye pindo la khanga.

Akina mama wanaolea peke yao hawana tatizo la akaunti, lakini wanakutana na kikomo. Tangu 2013 familia isiyo na kazi ya kutosha haikuweza kupata zaidi ya pauni 500 kwa wiki, posho zote pamoja na ya nyumba. Mwaka 2016 kikomo kilishushwa, na Aprili 2023 kikapandishwa kuwa pauni 25,323 kwa mwaka kwa London na pauni 22,020 kwingineko. Wanaoguswa wengi ni akina mama wasio na mwenzi. Akipata saa za kutosha za kazi kikomo humwondokea, lakini mwenye mtoto mchanga amwache na nani? Mjini London, ambako kodi peke yake hula sehemu kubwa ya kikomo hicho, kinachopungua huwa ni cha mwenye nyumba, naye huanza kuandika barua.

KAMA UNA NDUGU HUKO

Kabla hujampa ushauri, muulize kwanza ana ruhusa ya namna gani ya kukaa. Viza nyingi zina sharti linalomkataza mwenye nayo kuchukua posho za serikali, na akizichukua anaweza kuharibu haki yake ya kubaki. Huyo asiguse fomu yoyote kabla ya kuonana na mshauri anayejua sheria za wageni.

Mwenye haki ya kusaidiwa na ambaye ameanza kuchelewa, mwambie aende kwa mwenye nyumba yeye kabla barua haijamfuata. Hakimu akiletewa kesi ya deni huangalia nani alijitokeza na nani alijificha, na wenye nyumba hawa wengi hupendelea kupokea pauni tano za deni kila wiki kuliko kubadili kufuli. Ofisi za Citizens Advice humsaidia mtu bila malipo kuandika bajeti na barua. Halmashauri nazo zina fungu la dharura ambalo huwapa kwa hiari yao wanaopungukiwa kodi. Asiyeomba hapewi, na anayeomba anapaswa kuonyesha mapato na matumizi yake yote, hata yanayoaibisha. Akiwa na mtoto mlemavu, au mlezi anayelala kwake usiku, au nyumba iliyoimarishwa kwa usalama wake, aulize tena hesabu ya vyumba, kwa maana kanuni za leo si zile za 2013.

Na amwombe mshauri wake wa Universal Credit jambo moja zaidi: malipo mara mbili kwa mwezi, na sehemu ya nyumba iende kwa mwenye nyumba. Kwa Uingereza na Wales ni lazima atoe sababu, na anaweza kukataliwa. Uskoti tangu 2017 ni chaguo la mpangaji mwenyewe. Ireland ya Kaskazini hakuna hata haja ya kuomba. Huko fedha huja mara mbili kwa mwezi, na ya nyumba hupelekwa kwa mwenye nyumba moja kwa moja, mpaka mpangaji aseme anataka kuishika yeye.